Leja ya Dawa na Barua ya Maombi

Mganga mfawidhi wa zahanati ya mlimani, akiomba shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hudhani hana la kuandika kwa kuwa hajawahi kufanya biashara. Leja yake ya dawa yasema vingine. Humo mna siku ambazo dawa za shinikizo la damu ziliisha. Yeye anawajua wagonjwa walioteremka Moshi mjini kuzitafuta, na waliokosa nauli. Penye waombaji wengi, alama nzuri hazimtofautishi mtu na mwenziwe. Maelezo ya jinsi alivyorekebisha uagizaji humtofautisha. Hata Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza 1963 kikiwafundisha watendaji wa vyama vya ushirika, si matajiri. Barua na ianze na wale waliokosa nauli.