Makita, Bosch au Ingco: soko la mashine za useremala linaamuliwa na spea

Duka la mashine pale Gerezani, Kariakoo, humpa mteja mgeni rangi kabla ya kumpa maelezo. Makita ni bluu iliyochanganyika na kijani, Bosch ni bluu iliyokolea, DeWalt ni njano na nyeusi. Pembeni yake ipo Ingco, yenye njano inayoelekea ile ya DeWalt, na Total, yenye rangi inayokaribia ya Makita. Muuzaji akishataja bei, mteja anagundua kwamba fedha ya mashine moja ya Kijapani mara nyingi inatosha kununua mbili au tatu za Kichina za kazi ile ile. Hapo ndipo anapokwama mtu anayetaka kufungua karakana ndogo nyumbani, awe mstaafu wa Tegeta au mwalimu wa Nakuru anayetengeneza vitanda na meza baada ya saa za kazi.

Swali analouliza ni chapa ipi nzuri. Kwa hali ya soko letu, swali lenye faida zaidi ni hili: mashine hii ikizima Jumatano, ni nani mjini ataifungua, na spea yake iko duka gani? Mtengenezaji anaweza kuwa bingwa wa dunia, lakini kama spea zake zinaagizwa Dubai kwa wiki tatu, mashine yake ni mzigo kwa seremala mwenye oda ya harusi.

Kwanza wenye mali, kwa sababu majina ni mengi kuliko kampuni zilizo nyuma yake. Makita ilianzishwa na Mosaburo Makita mjini Nagoya mwaka 1915, ikiuza na kutengeneza mota za umeme. Mwaka 1958 ikatoa randa ya umeme, ya kwanza kuundwa Japani. Si ajabu kwamba hadi leo randa ndiyo mashine inayolibeba jina hilo kwa maseremala wa Keko na Gikomba. Bosch, iliyoanza Stuttgart mwaka 1886, iliipata sifa yake ya jigso kwa kuinunua Scintilla ya Uswisi mwaka 1954, kampuni iliyobuni mashine hiyo. Hadi sasa Bosch inauza familia mbili: ya bluu kwa mafundi na ya kijani kwa matumizi mepesi ya nyumbani. Neno "nyumbani" linawapotosha wengi. Anayepasua mbao za kabati tatu kwa mwezi anafanya kazi ya fundi hata kama banda lake liko nyuma ya jiko, na fedha yake iende kwenye bluu.

Kisa cha DeWalt kinafundisha zaidi kuhusu biashara ya majina. Black & Decker iliinunua kampuni hiyo mwaka 1960. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa Marekani walikuwa wameidharau Black & Decker, wakiiona chapa ya mashine za nyumbani, huku wengi wakikimbilia Makita. Mwaka 1992 kampuni ikalifufua jina la DeWalt kwa mashine za mafundi, ikazipaka njano, na soko likarudi. Mwaka 2010 Stanley na Black & Decker zikaungana. Kwa hiyo Stanley, Black & Decker na DeWalt unazoziona rafu moja zinatoka mfuko mmoja, na tofauti ya bei inaeleza daraja la kazi ambalo kila moja imekusudiwa.

Hitachi nayo imebadilika. Kitengo chake cha mashine kilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya KKR ya Marekani mwaka 2017, na mwaka uliofuata jina likawa HiKOKI. Mafundi wetu bado wanaulizia Hitachi, na hawajakosea, kwa sababu za zamani zilikuwa imara na nyingine zinafanya kazi hadi leo. Ila ukionyeshwa boksi jipya kabisa lenye nembo ya zamani, muulize muuzaji limekaa stoo tangu lini. Majibu ni mawili tu: ni mzigo wa miaka mingi au ni feki.

Waliolibadilisha soko la Afrika Mashariki ni Wachina. Ingco na Total, zote za mji wa Suzhou, zimeingia hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya miji midogo, mahali ambapo wakala wa Makita hajawahi kufika. Zinakuja na orodha ndefu, kuanzia nyundo na tepu ya kupimia hadi jenereta, hivyo mwenye duka la Singida anaweza kujaza rafu nzima kwa msambazaji mmoja. Huko ndiko ilikotoka nguvu yao, na wanaozidharau kwa sababu ya bei hawajaiangalia vizuri biashara hii.

Sasa twende kwenye meza ya fundi, maana humo ndimo gharama halisi inamopatikana. Mashine nyingi zenye waya zinatumia kaboni: vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye rota, vikilika taratibu kama chaki ubaoni. Bei ya kaboni ni ndogo sana. Zikiachwa ziishe, cheche zinaunguza shaba ya rota, na ugonjwa wa bei ndogo unakuwa wa bei kubwa. Hapo ndipo umaarufu wa modeli unapolipa. Randa ya Makita ya milimita 82, ile 1900B, imetumika nchi hizi kwa muda mrefu kiasi kwamba rota, swichi, mkanda na beringi zake zinapatikana halisi na za kuiga, na mafundi wa kusuka mota wanaijua kwa mikono. Ukinunua modeli ngeni, hata ya chapa kubwa, umenunua upweke. Kwa mashine ya bei nafuu hesabu ni nyingine: rota na koili mpya pamoja na ujira wa fundi mara nyingi vinakaribia bei ya mashine mpya, kwa hiyo wenye nazo huzitumia hadi zife, kisha hununua nyingine.

Njia zote mbili zina akili yake. Mashine inayofanya kazi saa nyingi kila siku ilipiwe bei ya kutengenezeka. Inayoguswa mara mbili kwa mwezi inaweza kuwa ya bei nafuu bila majuto. Kosa ni kununua seti nzima ya rangi moja kwa sababu inapendeza ukutani.

Uzuri ni kwamba sehemu zinazokata hazijali sana chapa. Visu vya randa vya milimita 82 vinaingia kwenye randa nyingi za kampuni tofauti. Visu vya jigso vyenye mkia wa umbo la T, muundo ulioenezwa na Bosch, sasa vinakubalika karibu kila mahali. Penye mtego ni diski ya msumeno wa duara: kipenyo kinaweza kulingana na tundu la katikati likatofautiana, mara milimita 20, mara 30, mara inchi tano ya nane. Kwenye ruta ya kuchongea kingo, hakikisha inashika mikia ya nusu inchi na robo inchi, maana ndiyo saizi utakazokutana nazo madukani.

Na miti yetu haina huruma. Paini ya Sao Hill, Mufindi, ni laini na haisumbui isipokuwa kwa utomvu. Msaji una chembechembe za silika zinazofuta makali. Mvule wakati mwingine huficha ndani yake vipande vya chokaa vigumu kama jiwe, vinavyoweza kung'oa jino la diski. Naamini kwa dhati kwamba mashine ya bei nafuu yenye diski bora ya meno ya kabaidi inamfaa mwenye karakana kuliko mashine ya kifahari yenye diski butu. Bajeti ya diski na visu itengwe siku ile ile ya kununua mashine, si baadaye.

Suala la umeme linawaumiza watu zaidi ya suala la chapa. Tanzania inatumia volti 230, Kenya 240. Mashine za mtumba kutoka Uingereza ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa ni imara na bei yake ni ya kuvutia, lakini kule kwenye maeneo ya ujenzi hutumika volti 110 kupitia transfoma kwa ajili ya usalama. Plagi yake ni ya njano, ya duara. Muuzaji akishaikata na kuweka plagi yetu ya miguu mitatu, dalili imepotea. Mashine hiyo ukiichomeka nyumbani inalia kwa kasi ya ajabu, kisha inatoa moshi. Zilizotumika Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mwili wa mashine, na kama kimebanduliwa, iache. Upande wa pili, umeme unaposhuka jioni mtaani, mota inapungua nguvu na feni yake ya kupooza inazunguka polepole huku mbao ni ile ile. Ukiilazimisha, inapata joto na kuungua. Kazi nzito ifanywe asubuhi, na waya wa kurefushia uwe mnene na mfupi.

Betri ndilo eneo ambalo kampuni zinavuna leo. Ukishanunua betri mbili na chaja za chapa fulani, umefungwa nayo, kwa kuwa mashine inayofuata bila betri itaonekana rahisi ukilinganisha na kuanza upya. Maandishi ya boksi nayo yanachanganya. Volti 20 za DeWalt ya Marekani na 18 za DeWalt ya Ulaya ni betri ile ile yenye seli tano: moja inahesabiwa ikiwa imejaa pomoni, nyingine kwa wastani wake. Jambo hili lina maana kwa wenye ndugu Marekani. Drili iliyoletwa kwenye begi kutoka Houston itafanya kazi vizuri Arusha, ila chaja yake ni ya volti 120, kwa hiyo nunua chaja ya volti zetu. Ingco na Total nazo zina mfumo wa betri wenye jina moja, P20S.

Kwa karakana ya nyumbani yenye umeme wa uhakika, ushauri wangu ni drili pekee iwe ya betri. Msumeno wa duara, randa, ruta na mashine ya msasa ziwe za waya. Hazihitaji kuhamahama, na fedha ya betri mbili kubwa inanunua diski nzuri na vibano vya kushikia mbao wakati wa kupiga gundi. Mgawanyo wa chapa ungekuwa hivi: Makita au Bosch ya bluu kwa randa na msumeno, kwa kuwa ndizo zinazofanya kazi nzito, Ingco au Total kwa mashine ya msasa, jigso ya kukatia vipande vidogo na grenda. Kwenye ruta nasita, ila ukipata fedha, nunua iliyo bora, kwa maana ruta inayoyumba shafti inaharibu mbao ambayo umeshaihangaikia siku nzima.

Bidhaa bandia zipo, na Tume ya Ushindani nchini Tanzania pamoja na mamlaka ya Kenya iliyotokana na sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 zinapambana nazo. Wengi hudhani maandishi ya "China" ni ushahidi wa feki. Sivyo. Makita yenyewe ina kiwanda Kunshan, China. Tazama namba ya mashine kama inalingana na ya boksi, pima uzito mkononi, angalia ubora wa waya na chapa ya maandishi, kisha dai risiti ya EFD au eTIMS yenye jina la modeli. Bila risiti hiyo, waranti inabaki maneno ya mdomo.

Kuna jambo linaloninyima utulivu kuhusu soko hili. Mashine mpya, za waya na za betri, zinahamia kwenye mota zisizo na kaboni, zinazoendeshwa na bodi ya elektroniki. Zina nguvu, hazipati joto haraka, na betri inadumu muda mrefu zaidi. Lakini fundi wa Gerezani anayesuka rota kwa mkono hana cha kusuka humo. Bodi ikiungua inabadilishwa nzima, na mara nyingi haiko dukani. Mawakala wanaoleta mashine hizi wanapaswa kuleta bodi pamoja nazo, waziuze Mwanza na Mbeya kama wanavyoziuza Dar es Salaam, na wakae na vyuo vya VETA ili mafundi wajifunze kuzipima. Hadi hapo, kwa mtu wa mkoani mwenye karakana moja na mtaji mdogo, randa ya kaboni ambayo fundi wa mtaa wa pili anaijua bado ndiyo ununuzi wa busara zaidi.