Masika: kila ugonjwa una siku yake ya kufika

Ukinyeshewa jioni ukaamka na mafua, utaambiwa mvua ndiyo iliyokuponza. Mtoto akichezea mvua, wiki hiyohiyo akashikwa na homa, bibi yake atasema malaria imeletwa na kulowa. Lakini mvua inapodondoka haina vimelea vya malaria wala vya kipindupindu. Hatari huanza inapotua: inapozoa kinyesi cha choo kilichojaa, inapotuama ndani ya tairi bovu, inapoloanisha ukuta usioona jua kwa majuma mawili.

Kuanzia hapo karibu kila hatari hufuata ratiba yake. Kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Ukungu hutaka siku mbili. Dengi hutaka majuma kadhaa, na malaria mwezi na ushei. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hawezi kuyazuia mawingu ya Aprili, ila akiijua ratiba hii atajua la kufanya leo, la kufanya Jumamosi, na kwa nini asikunje chandarua mvua inapokatika.

Milimita moja ni maji kiasi gani?

Masika huanza Machi na kuishia Mei, jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini. Ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata. Hapo hewa yenye unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda, hupoa na kugeuka mvua. Ukanda huohuo ukirudi kusini mwishoni mwa mwaka huleta vuli. Mikoa ya kati na kusini mwa Tanzania, kama Dodoma na Mbeya, yenyewe hupata msimu mmoja mrefu unaoanza kati ya Novemba na Desemba.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza milimita 50 kwa siku, namba hiyo huonekana ndogo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bati lenye ukubwa wa mita za mraba 60 likipokea milimita 50 limepokea lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20, kutoka nyumba moja tu. Zidisha kwa mabati yote ya Tandale, Vingunguti na Kigogo jijini Dar es Salaam, mahali ambapo udongo wa kunyonya maji umefunikwa na saruji, na utaona kwa nini Mto Msimbazi hufurika upesi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini humo. Mwaka 2024, Aprili ikiwa haijaisha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Kwa hiyo hatari ya kwanza haina ratiba: ni maji yaendayo kasi. Kina cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya goti, kinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuinua gari dogo na kulipeleka yanakokwenda maji. Barabara iliyofunikwa haionyeshi kama daraja bado lipo. Anayesubiri maji yapungue hupoteza saa mbili, basi.

Saa za kwanza hadi siku ya tano: maji ya kunywa

Katika mitaa isiyo na mfumo wa majitaka, mvua kubwa huja na jambo ambalo kila mtu analijua na wachache hulisema hadharani: kutapisha vyoo. Mwenye nyumba hutoboa shimo lililojaa, au hufungua bomba, mvua ibebe kilichomo. Kinachotoka kwake kinaingia kwenye kisima kifupi cha jirani.

Hata maji ya bomba hayako salama moja kwa moja. Bomba lenye maji muda wote husukuma kwenda nje, na likiwa na tundu huvuja tu. Mgawo ukifika na presha ikashuka, tundu lilelile hufyonza maji machafu yaliyolizunguka. Maji yanaporudi, yale ya mwanzo ndiyo yanayotia shaka zaidi, hasa ikiwa mtaa ulikuwa umefurika.

Bakteria wa kipindupindu huonyesha dalili kati ya saa chache na siku tano baada ya kumezwa. Kwa hiyo siku ya mafuriko ndiyo siku ya kuanza kutibu maji. Kusubiri kusikia kuna mgonjwa mtaani ni kuchelewa. Yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, au tumia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu hula nguvu ya klorini kabla haijawafikia vijidudu.

Maji ya kukinga kwenye bati ni bora kuliko ya kisima kilichofurikiwa, alimradi mvua ya mwanzo iachwe ioshe vumbi na mavi ya ndege kabla gata halijaelekezwa kwenye tangi. Nayo hutibiwa kabla ya kunywewa.

Mtu akiharisha maji mfululizo, kinachomuua ni kukaukiwa, na kwa kipindupindu kikali hilo huweza kutokea ndani ya saa chache. Mpe ORS mara moja huku mkielekea kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, koroga vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji salama. Vijiko viwe vya kusawazishwa, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Siku ya pili: ukungu na jiko la mkaa

Mbegu za ukungu zimo hewani wakati wote. Kinachokosekana kiangazi ni unyevu. Godoro, zulia au ukuta ukibaki umelowa kwa saa 24 hadi 48, ukungu huanza kuota. Ndipo kabati linapotoa uvundo na viatu vya ngozi vinapopata unga wa kijani. Kwa mtu mwenye pumu, mbegu hizo huamsha kikohozi na kubana kifua. Kwa mtoto mchanga anayelala karibu na ukuta uliolowa, kitanda kisogezwe.

Dawa ya kwanza ya ukungu ni hewa. Watu wengi hufunga madirisha kutwa nzima kwa sababu ya manyunyu, huku ndani wanapika, wanaoga na kuanika nguo. Mvuke huo wote hubaki chumbani. Fungua madirisha ya pande mbili kila mvua inapopumzika, hata kwa nusu saa, na uviache kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta. Ukungu uliokwisha kuota kwenye saruji usuguliwe kwa sabuni, kisha ukuta ukaushwe. Rangi ikipakwa juu yake, utarudi.

Nguo za ndani na soksi zisivaliwe zikiwa na unyevunyevu. Fangasi za miguuni na kwenye mapaja hupenda mahali penye joto na majimaji, na wanaoshinda ndani ya viatu vya mpira hupaswa kuvivua, kukausha katikati ya vidole, na kubadilisha jozi.

Kuna kosa moja linaloua watu usingizini: kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha nguo au kuota moto, kisha kufunga mlango. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hazisikii. Mkaa uliobaki makaa tu, bila moshi, bado unaitoa. Jiko libaki nje au barazani, hata kama nguo zitakauka kesho kutwa.

Wiki ya kwanza na kuendelea: mbu watatu, maji ya aina tatu

Watu husema “mbu” kana kwamba ni mmoja. Masika huleta watatu, na kila mmoja ana maji yake.

Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, hutaga kwenye vyombo: ndoo, tairi, vifuu, vyungu vya maua, gata lililoziba kwa majani. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji. Ndiyo maana mvua ya kwanza tu hutosha kuyaangua. Huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Yeye ndiye aliyesambaza dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Toka yai mpaka mbu mzima hupita siku 7 hadi 10 hivi, na homa huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu aliyebeba virusi. Familia ikichagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi, ikamwaga na kusugua kila chombo chenye maji, inakata mzunguko kabla viluwiluwi havijapata mabawa.

Homa ya dengi huja na maumivu makali nyuma ya macho na kwenye viungo. Hapa maduka ya dawa yana mtego: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazonunuliwa bila kufikiri, huongeza hatari ya kuvuja damu. Mpaka ithibitike kwamba si dengi, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kutumia. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo au kutokwa damu puani au kwenye fizi, hasa homa inaposhuka, awahishwe hospitali.

Culex ni yule anayepiga kelele sikioni usiku. Hupenda maji machafu ya vyoo na makaro, na pwani ndiye msambazaji wa matende na mabusha. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki ndani ya mashimo ya vyoo. Chembe zilielea zikafunika maji, viluwiluwi vikakosa hewa. Kwa kaya ya leo, mfuniko uliobana wa karo na wavu kwenye bomba la hewa la choo hufanya kazi ya namna hiyo.

Anopheles, wa malaria, mara nyingi hutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa jua: alama za matairi, mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng’ombe. Kwake hesabu ni ndefu. Yai hutaka wiki moja hadi mbili kuwa mbu. Mbu huyo sharti amuume mtu mwenye vimelea, kisha vimelea vikomae ndani yake kwa siku 10 hadi 14. Akimuuma mwingine, homa hutokea kwa kawaida siku 10 hadi 15 baadaye. Jumlisha, utapata wiki nne hadi sita. Mvua za mwisho wa Aprili huzaa wagonjwa wa Juni, wakati anga ni safi na chandarua kimeshafuliwa na kukunjwa.

Panya nao huhama

Mafuriko huwafukuza panya mashimoni, na mkojo wao huchanganyika na maji ya barabarani. Bakteria wa leptospira huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo. Julai 2022, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa bakteria hao wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na Watanzania wengi wakausikia kwa mara ya kwanza kwa jina la homa ya mgunda. Dalili huonekana kati ya siku 2 na 30: homa, misuli ya vigimbi kuuma, macho mekundu, na kwa wengine manjano. Inatibika kwa antibaotiki ikiwahiwa. Lazima upite majini? Vaa buti, funika kidonda, na ukifika oga kwa sabuni.

Miezi baadaye: gunia la mahindi

Mvua ikichelewa kukatika hufika wakati wa mavuno. Mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, nayo haimalizwi kwa kupika ugali. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kufariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, uiache dakika 10. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Yarudi juani juu ya turubai.

Tarehe anazozihitaji daktari

Sehemu ya haya kaya moja haiwezi. Ukimwaga ndoo zako huku jirani ana tairi kumi, mbu wake watakufikia. Choo kinachotapishwa juu ya mtaa hushuka kwa kila aliye chini. Hapo kazi ni ya kikao cha mtaa: mtaro usafishwe Februari, na gari la kunyonya majitaka liitwe kabla mvua haijaanza, kwa kuchangiana ikibidi.

Sehemu nyingine iko mikononi mwa mgonjwa. Homa za masika hufanana sana siku ya kwanza, na kipimo cha malaria kikionyesha huna, bado kuna dengi, homa ya mgunda na taifodi za kufikiria. Ukifika zahanati, eleza ulikanyaga maji ya mafuriko lini, mnakunywa maji ya wapi, mbu wanawauma saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anaumwa. Majibu hayo manne humsaidia tabibu kujua aanze kupima nini.