Kabla ya kumpeleka mtoto kusomea udaktari

Ndugu msikilizaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi huingia kwenye mahesabu. Huku kwetu Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Mollo, mahesabu hayo huanza na mahindi: magunia mangapi yamo ghalani, bei ya mwaka huu ikoje, na ng'ombe wangapi wanaweza kuuzwa bila kuliacha jembe halina maksai. Mtoto amefaulu, lakini si kwa kishindo. Anautaka udaktari. Nafasi za vyuo vikubwa vya umma zimechukuliwa na wenye alama za juu. Zimebaki njia mbili: chuo cha ng'ambo kinachosifiwa na wakala mwenye vipeperushi vya rangi, au chuo cha hapa nchini ambacho watu wananong'ona kwamba mambo yake hayajatulia.

Mzazi huuliza: kipi bora, cha nje au cha ndani? Kwa maoni yangu swali hilo limeulizwa kinyumenyume. Swali la kwanza liwe hili: siku kijana atakapomaliza, je, Baraza la Madaktari Tanganyika litamwandikisha? Shahada hutolewa na chuo, lakini ruhusa ya kumgusa mgonjwa hutolewa na nchi. Mtu anaweza kurudi na shahada yenye muhuri wa dhahabu, na bado asiruhusiwe kuandika dawa hata moja.

Kutoka kidato cha sita hadi kwenye rejesta ya madaktari kuna milango mitatu, na kila mmoja una mlinzi wake.

Mlango wa kwanza ni sifa za kujiunga. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, humtaka anayeomba udaktari awe na angalau alama D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6. Vipo vyuo vya nje ambavyo havijali hayo. Ukilipa ada umeingia. Hapo ndipo mitego mingi hutegwa. Anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na kabla ya kuitoa Tume huangalia sifa za mwombaji pamoja na chuo anachokwenda. Wakala anayesema hati hiyo haina maana anasema hivyo kwa sababu si yeye atakayerudi na shahada isiyotambuliwa.

Mlango wa pili ni kutambuliwa kwa shahada yenyewe. Aliyesoma nje hupeleka vyeti vyake TCU, nayo hupima kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi kilipo, na kama masomo yake yanalingana na yetu. Tusidanganyike na neno "chuo kipo kwenye orodha ya dunia". Orodha ya kimataifa ya vyuo vya udaktari inasema tu kwamba chuo kipo. Haisemi kwamba kinafundisha vizuri.

Mlango wa tatu ni wa Baraza lenyewe, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Baada ya shahada kuna utarajali, mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Waliosoma nje wamekuwa wakipewa mtihani kabla ya kuruhusiwa kuuanza, na wapo waliokwama hapo. Jirani zetu Kenya nao huwatahini wanaotoka nje. Kwa hiyo mzazi anapohesabu miaka na fedha, asiishie kwenye siku ya mahafali. Ahesabu hadi jina litakapoandikwa kwenye rejesta.

Je, maana yake kusomea nje ni kosa? Hata kidogo. Wanaopita kila siku mbele ya Hospitali ya Dk. Atiman hapa Sumbawanga wanalisoma jibu ukutani. Adrian Atiman alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kujifunza udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Baadaye, baada ya Uhuru, vijana wetu walipelekwa Urusi na Kuba, wakarudi madaktari wazuri. Tofauti ni kwamba wengi wa vijana hao walikwenda kwa mipango baina ya serikali, na waliopelekwa walichujwa. Leo anayechuja mara nyingi ni wakala, naye hulipwa kwa kila kichwa.

Nje kuna mambo mengine matatu ya kupima. La kwanza ni lugha. Katika China na nchi za Ulaya ya Mashariki, darasani mwalimu anaweza kufundisha kwa Kiingereza, lakini mgonjwa kitandani haumwi kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyejua lugha ya mgonjwa husimama nyuma ya wenzake wodini, akiangalia migongo yao. China ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa na wizara yake ya elimu kufundisha udaktari kwa Kiingereza. Ambacho hakimo, kiachwe.

La pili ni magonjwa. Daktari atakayepangiwa kituo cha afya Bonde la Rukwa atakutana na malaria kali kwa watoto, kichocho, na mama aliyeletwa usiku akiwa amechelewa kujifungua. Hayo hujifunzwa kwa kuyaona mara nyingi, si kwa kuyasoma mara moja.

La tatu ni misukosuko ya dunia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwafungia nje ya China wanafunzi wa kigeni, na wengi walikaa zaidi ya miaka miwili wakisoma kwa simu. Udaktari haufundishiki kwa simu. Februari 2022 vita viliwakuta vijana wetu Ukraine. Aprili 2023 vikawakuta wengine Sudan. Hata matajiri hawasalimiki: mwaka 1983 Marekani ilipovamia kisiwa cha Grenada, sababu mojawapo iliyotajwa ni kuwaokoa Wamarekani waliokuwa wakisomea udaktari huko, wengi wao wakiwa wamekosa nafasi kwao.

Sasa turudi nyumbani. Chuo cha hapa kina faida zinazoonekana: mikopo ya Bodi kwa mwenye sifa, wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, na magonjwa yale yale atakayoyakuta kazini. Aidha, mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Lakini uzalendo usitufumbe macho. Julai 2017, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka 2017/18, na baadhi vilikuwa vikifundisha udaktari. Vipo vilivyorekebisha kasoro vikaruhusiwa tena. Aliyekuwa ndani wakati huo ndiye aliyejua maana ya kulala bila kujua kesho atahamishiwa wapi.

Ukaguzi wa namna hiyo, japo unauma, ni dawa. Mwaka 1910 Abraham Flexner alichapisha ripoti yake juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, akaeleza bila kificho vile visivyo na maabara wala wodi. Katika miaka 25 iliyofuata, zaidi ya nusu ya vyuo vya Marekani vilifungwa au kuunganishwa. Udaktari wa Marekani haukufa kwa hilo; ulinyooka.

Basi mzazi afanyeje? Asiulize jina la chuo tu, aulize wodi. Hospitali ya kufundishia ni ipi, ina vitanda vingapi, na wanafunzi wangapi hugawana mgonjwa mmoja? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi, na wangapi wameandikishwa na Baraza? Chuo kizuri hujibu maswali haya bila kukasirika. Kisha asiridhike na jibu la chuo wala la wakala. Athibitishe TCU na Baraza kabla ya kutoa hata shilingi.

Kadhalika ipo njia ya tatu, ambayo watu huidharau. Kijana ambaye alama zake hazikutosha anaweza kusomea stashahada ya utabibu kwa miaka 3, katika chuo kilichosajiliwa. Akifaulu kwa wastani wa GPA 3.0, na akiwa na alama zinazotakiwa za kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari. Njia ni ndefu. Lakini hata akikomea katikati, tayari ana kazi, na zahanati za Ufipa zinamhitaji. Aliyekomea katikati ya chuo kisichotambuliwa hana kitu isipokuwa deni.

Ndugu msikilizaji, ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Na mwisho wa yote anayelipa gharama ya chuo kibovu si mzazi peke yake. Ni yule mama wa bondeni, anayefikishwa kituoni usiku na kumkabidhi maisha yake mtu aliyevaa koti jeupe. Yeye hana nafasi ya kuuliza koti hilo lilitoka chuo gani. Sisi tunayo nafasi hiyo, na tuulize mapema.