Mkono Unapochoka Msimu wa Korosho

Korosho za Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, huiva wakati mbaya kwa mtu mwenye maltipo sklerosisi. Msimu hupamba moto Oktoba hadi Desemba, jua la Masasi likichoma mawe ya vilimani, na kazi karibu yote ni ya vidole: kuokota, kunyofoa korosho kwenye bibo, kuanika, kuchambua.

Maradhi haya ni nadra katika nchi za ikweta, nayo huongezeka kadiri unavyosogea mbali na ikweta. Duniani wanayo watu wapatao milioni 2.9, wanawake wakiwazidi wanaume angalau mara mbili, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Amri ya kichwani hufika kidoleni imechelewa, au haifiki kabisa. Kwa kuwa ni wachache waliowahi kuyasikia, mama mgonjwa akiangusha bakuli mara tatu kwa wiki ataitwa mzembe, au itasemwa amechezewa. Hata daktari huanza kwa kushuku kiharusi, wala hakosei, maana hicho ndicho kinachojaa wodini. Kuthibitisha maltipo sklerosisi kunahitaji bingwa wa mishipa ya fahamu na picha ya MRI.

Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa wapumzike tu. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa wagonjwa mazoezi ya kunyonga pedali kwa mikono na miguu kwa wiki 15, wakawa na nguvu zaidi. Tangu hapo utafiti umeegemea zaidi miguu na kutembea. Mkono umeachwa nyuma, jambo la ajabu, kwani anayeshindwa kutembea bado anaweza kukaa kwenye mkeka akajilisha mwenyewe, ilimradi vidole vinamtii.

Wataalamu wa utengamao wanapendekeza kuzoeza kazi yenyewe. Anayetaka kumega ugali amege ugali. Anayetaka kufunga vifungo vya gauni afunge na kufungua. Kubinya mpira huongeza nguvu ya kiganja, lakini hakumfundishi mtu kufunga kanga. Kwa hiyo ungo wa mbaazi au karanga ni kifaa kizuri kuliko vingi vya dukani: kuokota punje moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, kisha kuzihamisha kwa kijiko, kisha kuinua kibuyu cha maji, kwanza nusu. Mkono dhaifu ufanye sehemu yake, usimwachie mwenzake kila kitu.

Shida ni joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya kujichosha. Leo inajulikana kwamba mwili ukipata joto, nyuzi zilizopoteza utando hupitisha amri kwa shida zaidi. Mkono hulegea, kisha ukipoa hurudi ulivyokuwa, bila madhara mapya. Hapo Newala ina bahati: iko juu ukingoni mwa uwanda wa juu, karibu na mteremko mkali uitwao Shimo la Mungu, na asubuhi zake ni za baridi kuliko za Masasi. Mazoezi ya alfajiri, kidogo kidogo, mapumziko yakija kabla ya uchovu, yanafaa kuliko saa nzima ya mchana. Watafiti wa Ubelgiji wameonyesha pia kwamba kuupoza mkono chini ya kiwiko hupunguza kwa muda mtetemeko wa mkono wa wagonjwa hawa. Ndoo ya maji yaliyolala nje usiku yaweza kujaribiwa, na kwenye uwanda huo ambako kina mama walizoea kuyafuata maji mabondeni, hayamwagwi: yatatumika kufulia.

Ubanguaji ni jambo jingine. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu mikononi. Mgonjwa mwenye ganzi mkononi hatajua ameungua mpaka lengelenge litokee. Yeye apewe kumenya ngozi nyembamba ya korosho iliyokwisha banguliwa, kazi ya ncha za vidole, na jioni aikague mikono yake, desturi ambayo wagonjwa wa ukoma waliotunzwa Mwena, karibu na Ndanda, wangeielewa mara moja, ingawa ukoma huharibu mishipa ya fahamu ya mkononi kwenyewe.

Maendeleo hupimwa kwa ubao wa matundu 9 na vijiti 9: unavichomeka kimoja kimoja, unavitoa, sekunde zinahesabiwa, kwa kila mkono. Fundi wa vinyago wa Kimakonde hashindwi kuuchonga, na ukitumiwa ubao uleule kila mwezi utamtosha mtu kujilinganisha na nafsi yake. Ila mkono ukilegea ghafla, au uso ukipinda na maneno yakachanganyika, ubao uwekwe pembeni na safari ya hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda ianze saa hiyohiyo, kwa sababu hicho chaweza kuwa kiharusi.