Mpaka wa Ruvuma na Hukumu ya Amaan katika Fiqhi

 

Katika darsa zetu huku Chidya, na hata ukienda Masasi mjini au Newala, kuna maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza huulizwa na vijana: mpaka wa Ruvuma uliwekwa na Mjerumani na Mreno, je, unamlazimu Muislamu kisharia? La pili huulizwa na wazee, nalo ni zito zaidi: mtu akivuka mto kwa kukimbia kuuawa, naye hana hata kipande cha karatasi, je, yafaa kumrudisha alikotoka?

Tuanze na historia. Mstari huu ulikubaliwa na Ujerumani na Ureno tarehe 30 Desemba 1886. Walisema mpaka ufuate mto Ruvuma tangu mlangoni hadi unapokutana na Msinje, kisha uelekee Ziwa Nyasa. Katika mazungumzo hayo hakuwepo Mmakonde, Mmakua wala Myao, na Seyyid Barghash wa Unguja hakuulizwa. Miezi michache baadaye, mwaka 1887, Wareno wakampokonya Tungi kwa mizinga. Wenyewe kwa wenyewe pia hawakuaminiana. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, kusini ya mlango wa mto, na baada ya vita kuu ya kwanza ikarejeshwa kwa Ureno. Basi kijana anayesema mstari huu ulichorwa na wageni hakusema uongo.

Lakini hoja yake inaishia hapo. Mwezi Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika azimio hilo. Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975, Ruvuma ukawa mpaka kati ya majirani wawili waliokubaliana, si kati ya wakoloni. Na amri ya kutimiza ahadi imo mwanzoni mwa Surat al-Maida, aya ya kwanza. Ahadi haiangalii nani aliyechora mstari, huangalia nani aliyeukubali.

Mafakihi wetu wa zamani waliyajua mambo ya mipaka. Waliziita sehemu za mpakani thughur, na ulinzi wake ribat. Mgeni aliyetaka kuingia alihitaji amaan, yaani ahadi ya usalama wa nafsi na mali yake, na akishaipata huitwa mustaamin. Imamu Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, aliyefariki mwaka 189 Hijria, aliandika kitabu kizima kuhusu mambo ya dola na wageni, nacho ni as-Siyar al-Kabir. Jambo la kuzingatia ni kwamba amaan haikuwa mali ya mtawala peke yake. Siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani bint Abi Talib aliwapa hifadhi watu ambao nduguye Ali alitaka kuwaua, na Mtume (s.a.w.) akaipitisha hifadhi ya mwanamke huyo. Muda nao uliwekewa kikomo. Mahanafi hawakuruhusu mgeni akae mwaka mzima bila hadhi yake kubadilika, na katika madhehebu yetu ya Shafii asili ni miezi minne.

Mwenye kuitazama viza ya leo ataiona amaan ndani yake: ina mtoaji, ina mpewaji, ina muda na ina masharti. Ni kweli kwamba Tanzania si dola ya dini, na hukumu za kale zilihusu dola ya Kiislamu. Tunachokipima hapa kwa kiyasi ni ahadi yenyewe. Imamu Shafii katika al-Umm ameeleza kuwa Muislamu akiingia nchi ya maadui kwa amaan, basi na wao wako salama naye mpaka atoke au muda uishe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui, vipi kuhusu jirani mnayeoleana naye? Anayepita Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, akagongewa muhuri wa siku kadhaa, kisha akajificha mwaka mzima, amevunja ahadi aliyoipokea kwa mkono wake.

Ushuru wa mpakani pia una asili. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj amepokea kuwa Abu Musa al-Ashari alimwandikia Sayyidna Umar (r.a.) kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu wakiingia nchi za wengine hutozwa zaka ya kumi, naye Umar akaagiza watozwe mfano wake, na Ziyad bin Hudayr akawekwa kwenye kazi hiyo. Mfanyabiashara Mkristo aliyetozwa mara mbili kwa mali ile ile alimwendea Umar kushtaki, na Umar akaamuru asitozwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Huku kwetu jambo hili lina jina, nalo ni korosho. Bei zikipishana kati ya ng'ambo na huku, magunia huvuka mto usiku. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila mtu aliiona tamaa hiyo. Kuvusha kwa magendo ni kula haki ya umma. Na ofisa anayemtoza mkulima bila stakabadhi naye anakula haramu; kofia ya serikali haimtakasi.

Juu ya kufunga mpaka kwa maradhi sitarefusha. Umar alirudi njiani kutoka Sargh alipopata habari ya tauni ya Amwas, na hadithi ya Abdurrahman bin Auf kuhusu kutoingia wala kutotoka mahali penye tauni inatosha.

Sasa swali la wazee. Mwezi Oktoba 2017 watu wenye silaha walianza kushambulia Mocímboa da Praia, wakijinasibisha na Uislamu huku wakiwachinja Waislamu. Oktoba 2020 walivuka mto na kuua raia katika kijiji cha Kitaya, mkoa wa Mtwara. Machi 2021 wakauvamia mji wa Palma, na maelfu wakakimbia, wengine wakielekea kwetu. Julai mwaka huo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema kuwa tangu Januari zaidi ya watu 9,000 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kutoka Tanzania kupitia Negomano.

Wapo wanaotetea kurudisha kwa hoja ya Abu Jandal. Katika suluhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimrudisha kwa Makureshi akiwa na minyororo yake, kwa kuwa ndivyo mkataba ulivyotaka. Hoja hii ukiitazama vizuri inamgeukia msemaji wake. Kilichomrudisha Abu Jandal ni kutimiza mkataba. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ambao Tanzania imo ndani yake, unakataza kumzuia mtu mpakani au kumrudisha mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Kwa hiyo kutimiza ahadi kwetu sisi ni kutorudisha.

Tena katika suluhu ile ile, Ummu Kulthum bint Uqba alipokimbilia Madina, ndugu zake walimfuata wakadai arudishwe, hakurudishwa. Aya ya 10 ya Surat al-Mumtahana iliamuru wanawake waliohama wapimwe kwanza, na wakijulikana ukweli wao wasirudishwe. Hapa ndipo penye haki ya dola. Baada ya Kitaya, hakuna mwenye akili atakayewalaumu askari kwa kumhoji na kumpekua kila anayevuka. Lakini kuhoji ni kumsikiliza mtu mmoja mmoja. Kupakia watu kwenye magari kabla hawajaulizwa si kupima. Najashi wa Uhabeshi alishauriwa na wakuu wake awakabidhi Waislamu kwa wajumbe wa Makka, akakataa mpaka amsikie Jaafar bin Abi Talib, kisha akawarudishia wajumbe zawadi zao.

Na aya ya 6 ya Surat at-Tawba inataka hata mshirikina aliyeomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Negomano ya mwaka 2021 haikuwa mahali pa amani kwa mama aliyetoka Palma.

Jambo hili si geni kwa watu wa kusini. Wakati wa Maji Maji wazee wetu ndio waliovuka Ruvuma kuelekea ng'ambo. Kuanzia 1964, vita vya FRELIMO vilipoanza, ng'ambo wakaja kwetu kwa maelfu, wakapokelewa Rutamba na kwingineko, na wajukuu wao leo tunaswali nao safu moja.

Kwa maimamu wa vijiji vya mtoni, ninaloliona ni hili. Mtu akifika usiku bila hati, mpeni chakula na mahali pa kulala, na asubuhi mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji mkiwa naye, msimwache aende peke yake. Msimfiche, kwa sababu aliyefichwa hana wa kumtetea akikamatwa, na huenda mkamficha muuaji. Semeni mlivyomkuta, majeraha yake, watoto alionao na lugha anayosema, na ombeni apelekwe kwa ofisa wa wakimbizi kabla ya uamuzi wowote. Ushahidi huo msiufiche, maana Surat al-Baqara, aya ya 283, imemtaja anayeficha ushahidi kuwa moyo wake una dhambi.

Wallahu aalam.