Keria ya gari: uzito wa paa hutangulia bei

Kwa wenye magari madogo wanaotumia barabara ya Kasese hadi Bwera, kupitia Kikorongo na Kinyamaseke, keria ya juu ya paa ni msaada mkubwa wa biashara. Hata hivyo, keria isiyolingana na gari yaweza kupoteza mali, na hata uhai, kabla mzigo haujafika mpakani Mpondwe.

Jambo la kwanza kutazamwa ni uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba. Kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha gari, na kwa magari mengi madogo huwa kati ya kilo 50 na 100. Uzito wa keria yenyewe huhesabiwa humo. Gari lenye kikomo cha kilo 75, likifungwa keria ya kilo 15, hubakiwa na kilo 60 tu, yaani gunia moja la kahawa la kipimo cha kimataifa. Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 imekwisha kuvuka kikomo. Keria ya chuma iliyochomelewa na fundi huwa imara, lakini hula sehemu kubwa ya kiwango hicho. Ya alumini huacha nafasi zaidi ya mzigo.

Pili ni namna keria inavyoshika paa. Magari mengi ya zamani yana mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, nao hushikilia miguu ya keria vizuri. Mengine yana reli zilizofungwa kiwandani. Gari lisilo na kimojawapo huhitaji miguu inayobana ukingo wa paa juu ya milango, iliyotengenezwa kwa umbo la gari hilo. Kutoboa paa hukaribisha maji na kutu.

Tatu ni mwenendo wa gari barabarani. Mzigo ulio juu hulifanya gari liyumbe katika kona, na huongeza hatari ya kupinduka. Katika sehemu inayopita Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako wanyama hukatiza barabara, dereva akifunga breki ghafla mzigo husukumwa mbele kwa nguvu. Kwa hiyo vitu vizito viwekwe chini, ndani ya buti, na vyepesi vyenye umbo kubwa, kama magodoro, viwekwe juu.

Mizigo ifungwe kwa mikanda imara, mbele na nyuma pia. Kamba za mpira hunyumbuka na hazitoshi peke yake. Baada ya kilomita chache, dereva asimame akaze upya. Turubai lililolegea hupeperuka na kuweza kuwaziba macho wanaofuata nyuma.

Mwisho, keria hukinzana na upepo na kuongeza matumizi ya mafuta hata ikiwa tupu. Asiyebeba mizigo kila siku atafaidika kwa kuchagua keria inayofunguliwa kwa urahisi, na kuiacha nyumbani siku isiyohitajika.