Dawa ya kansa na kompyuta: kazi inayobaki kwako mgonjwa



Dawa nyingi unazopewa katika kituo cha afya cha kambi zinavumilia kosa dogo. Ukimeza kidonge kimoja cha paracetamol badala ya viwili, homa itachelewa kushuka, basi. Dawa za kansa zinazotiwa mshipani hazivumilii hivyo. Zinaua seli za kansa, lakini zinagusa pia seli nzima za damu, za utumbo na za nywele. Kipimo kikipungua, kansa inabaki. Kikizidi, mgonjwa anaweza kufa kwa dawa yenyewe. Ndiyo sababu hospitali nyingi siku hizi zinatumia kompyuta kulinda kipimo. Soma makala hii ujue kompyuta hiyo inafanya nini, na ni kazi gani haiwezi kukufanyia.

Kosa la Boston

Mwaka 1994 Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, alikuwa akitibiwa kansa ya titi katika hospitali ya Dana-Farber mjini Boston, Marekani. Dawa ya cyclophosphamide iliyotakiwa kugawanywa kwa siku nne, alipewa yote kila siku kwa siku zote nne. Yaani alipata mara nne ya kipimo chake. Alifariki tarehe 3 Desemba 1994. Kosa lilijulikana Februari 1995, wakati kumbukumbu za wagonjwa zilipokaguliwa.

Ile ilikuwa hospitali kubwa yenye wataalamu. Hata hivyo hakuna aliyelizuia kosa hilo kwa wakati. Baadaye hospitali hiyo iliweka mipaka ya vipimo ndani ya kompyuta, ili agizo lililozidi lisipite bila kuhojiwa.

Kompyuta inafanya nini?

Hapa Rwanda, kituo cha matibabu ya kansa kilifunguliwa mwaka 2012 katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health. Kumbukumbu za wagonjwa wake ziliwekwa katika programu iitwayo OpenMRS. Programu hiyo ni ya bure, na ilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2006, huko Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu mashariki mwa Rwanda.

Programu ya namna hii ikiandaliwa kwa dawa za kansa inaweza kufanya kazi nne:

1. Kupiga hesabu ya kipimo. Dawa nyingi za kansa hupimwa kwa ukubwa wa mwili, unaopatikana kwa urefu na uzito. Mtu wa sentimita 160 na kilo 60 ana mita za mraba 1.63 hivi. Akikonda hadi kilo 48, anabaki na 1.46. Kama dawa ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, kipimo chake kinashuka kutoka miligramu 98 hadi 88.

2. Kuonya kipimo kikizidi mpaka, au nukta ikiwekwa mahali pasipo pake.

3. Kumwonyesha daktari majibu ya damu. Chembe nyeupe zikiwa chache mno, dawa inaahirishwa.

4. Kujumlisha dawa zote ulizowahi kupata. Chukua doxorubicin, ile dawa nyekundu. Ikizidi katika maisha ya mtu inaharibu moyo. Kwa kawaida madaktari hawataki jumla yake ipite miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba. Duru sita za miligramu 60 ni 360. Mgonjwa akianza tena duru sita mahali pengine bila kusema, anafika 720.

Kompyuta haijui ila ilichoandikiwa

Hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Uzito. Pimwa kila unapokwenda kupata dawa. Ukisikia wanaandika uzito wa mwezi uliopita, omba mzani kwa adabu. Vua koti na viatu.

Jina. Wengi wetu tuna jina moja kwenye karatasi ya HCR, jingine kwenye kadi ya hospitali, na la tatu analotuitia jirani. Kompyuta inaweza kukufanya watu wawili, na dawa zako zikagawanyika katika faili mbili. Tumia jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, kama zilivyo kwenye karatasi ya HCR. Kabla ya dripu, taja jina lako lote mwenyewe, usiitikie tu. Na usiazime wala kuazimisha kadi, hata kwa ndugu wa damu. Damu yake, uzito wake na dawa zake zitaandikwa juu yako.

Historia. Kama ulianza matibabu Kongo au Burundi kabla ya kukimbia, sema. Kama karatasi zilipotea, sema mji, hospitali, mwaka, idadi ya duru na rangi ya dawa. Usiogope kwamba utakataliwa matibabu. Daktari anaihitaji habari hiyo ili achague dawa iliyo salama kwako.

Ukiugua njiani, mfano Muhima

Mgonjwa anayerudi kambini kutoka Butaro hupitia Kigali na kushukia Nyabugogo. Akishikwa na homa hapo, hospitali ya serikali iliyo karibu ni ya Muhima. Hiyo ni hospitali ya wilaya, inayojulikana zaidi kwa kuzalisha akina mama na kutunza watoto wachanga. Kompyuta ya Butaro haipandi basi pamoja nawe. Usitegemee kwamba faili la hospitali moja litafunguka katika nyingine.

Homa ya 38 au zaidi baada ya dawa ya kansa ni hatari, maana kinga ya mwili imeshuka. Usingoje kufika kambini, wala usinunue dawa ya malaria ukaendelea na safari. Ingia hospitali, na neno lako la kwanza liwe: "Nimepata dawa ya kansa, tarehe fulani." Kisha toa karatasi.

Kumbuka kubeba

- Karatasi ya HCR na karatasi ya rufaa.
- Daftari lenye jina la dawa, kipimo, tarehe na namba ya duru. Mwombe muuguzi aandike kila mara kabla hujaondoka.
- Namba ya simu ya hospitali inayokutibu. Iandike kwenye daftari pia, kwa maana simu huzimika.

Kama husomi, chagua mtu mmoja wa nyumbani akutunzie daftari na afuatane nawe. Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa mtaa wako kabla ya siku ya safari.